Damu Tuliyojivunia

Fotu mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na sahani bado ziko kwenye beseni. Wewe umekwenda Kashaulili kuagana na wenzako, wageni wameondoka, jua lingali juu ya mabati ya jirani, na mimi nimekaa hapa mlangoni Makanyagio, Mpanda mjini, na kalamu uliyoisahau mezani. Kesho alfajiri basi linakurudisha Njombe, na safari hii si shule, ni kazi, kwa hiyo sijui lini nitakupata tena tukae wawili. Habari za kufua shuka, kula kwa wakati na kuchagua marafiki nakuachia mwenyewe. Umeishi kule tangu kidato cha kwanza mpaka chuo. Mimi nani wa kukufundisha kuvaa sweta?

Ninachotaka kukuandikia ni kinyaa.

Leo baba yako mdogo Kalisti alipomaliza hotuba yake, uliniona natoka. Najua ulidhani naenda kuangalia jiko. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Wali wote, kuku wote. Halafu nikasukutua, nikarudi ndani na kreti ya soda nikitabasamu, kama mama anayemuaga mwanawe vizuri. Nataka ujue kilichonichefua, kwa sababu wakati mimi nainama kule nyuma, wewe ulikuwa unacheka.

Unakumbuka alivyosema? "Kijana wetu amejaribiwa. Malaria imemkamata, imemtikisa, imemwachia. Si mmeona wenyewe? Damu ya kwetu chuma! Pasaka ijayo arudi, ashuke bondeni aamie ndege kwenye mpunga kama wanaume wenzake." Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga na vigelegele. Na wewe, kwa adabu zako zile zile ambazo nilikufundisha mimi, ukajibu, "Ndiyo, baba mdogo."

Ile "ndiyo" yako ndiyo iliyonitoa nje.

Fotu, wewe hujui ulivyoumwa. Mwili wako ulikuwepo pale wodini, lakini wewe mwenyewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Na kabla sijakuambia ya wodini, inabidi nikuambie ya ule mkutano wa bondeni, ambao ulifanyika wewe ukiwa chuo. Bila mkutano ule utadhani mama yako alikuwa mjinga tu. Ujinga ungekuwa afadhali.

Walikuja watafiti kule kwenye mashamba yetu ya mpunga. Wakatutoboa vidole, kuanzia watoto wa mgongoni mpaka vikongwe, wakaondoka na damu zetu. Msimu mwingine wakarudi kutupa majibu, tukakusanyika kwenye darasa la shule. Aliyeongea alikuwa binti mwembamba, Msukuma kwa lafudhi, mpole, anamwita kila mtu mzima baba au mama. Akasema kimelea cha malaria kimevaa vitu vidogo vidogo mwilini mwake, vinaitwa protini.

Mzee mmoja akadakia, "Zile za maharage?"

Tukacheka sana. Naye akacheka. "Jina hilo hilo, baba, ila hizi haziliki."

Akaeleza kwamba hizo protini ndizo sura ya kimelea, na kimelea kina mashati mengi, leo kinavaa hili, kesho lile. Mtu akiumwa, damu yake inatengeneza kingamwili za kulijua shati lile lililomuumiza. Kikija na shati jingine, damu haikijui, mtu anaumwa upya. Ndiyo maana wazee wetu, ambao wameumwa miaka yote, wanakijua katika mashati mengi, na homa haiwaangushi hovyo. Mtoto mdogo hajui hata moja. Akasema pia kwamba mtu mzima wa hapa anaweza kulima mchana kutwa na vimelea vimo ndani yake, haumwi kitu, mbu akamuuma yeye kisha siku nyingine akamuuma mtoto anayelala pembeni, akampa. Na akasema, hili nalisikia mpaka leo, kwamba mtu akihamia mahali pasipo na mbu, kingamwili zake zinapungua kidogo kidogo, mpaka siku akirudi damu yake inashangaa kama damu ya mgeni.

Vizuri kabisa alisema. Hata mimi wa darasa la saba nilimwelewa. Usije ukamwamini mtu akikuambia hatukuelezwa.

Baba yako mdogo akasimama. "Dada, tufupishie. Mtu wa Dar akija hapa anaanguka, sisi tunaendelea kulima. Ndiyo au siyo?"

"Anaweza kuumwa vibaya kuliko wewe, baba, ndiyo, lakini..."

"Basi tumepimwa na tumefaulu!"

Darasa zima likalipuka. Watu wanapeana mikono kama matokeo ya mtihani yametoka. Binti akainua mkono, akasema kwa sauti yake ndogo, "Wazazi wangu, hapana. Maana yake mmeumwa sana." Nilikuwa nimekaa mbele, nilimsikia. Wa nyuma sidhani kama walimsikia.

Kisha wakaniomba mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nifunge kwa sala. Na mimi nilisimama, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Tunakushukuru, Bwana, kwa kuwa umeibariki damu ya watu wako kuliko damu za wengine." Walivyoitikia amina mabati yalitetemeka. Nilipofumbua macho yule binti alikuwa ananitazama. Nilidhani sala imemgusa.

Nimeungama mambo mengi maishani, mengine madogo ya kuchekesha. Hili nililiona kuwa jema, kwa hiyo sikuliungama. Nilimsingizia Mungu, mwanangu, tena mbele ya mashahidi.

Baada ya siku ile vyandarua vikawa vya kuchekwa. Huyu akafunika kitalu chake cha nyanya, yule akaanikia dagaa. Ukienda kambini mashambani kulala, ukamkuta mtu ametundika, utasikia, "Wewe hukupimwa nini?" Na nilicheka mimi pia. Usifikiri nilikuwa pembeni.

Ndipo ukaja wewe Pasaka iliyopita. Umemaliza chuo, mrefu, sauti ya marehemu baba yako mtupu. Miaka yote ya likizo ulikuwa unakuja kiangazi, unakaa hapa mjini siku chache unarudi kwenye baridi yako. Msimu wa kuamia ndege ulikuwa hujawahi kuuona tangu utoto. Tukashuka bondeni, mvua bado zinanyesha, mpunga umeanza kutoa masuke, kwelea kwelea wanashuka kama vumbi. Jioni ukafungua begi, ukatoa chandarua chako cha bluu kilichokunjwa vizuri, ukaanza kutafuta pa kufungia kamba.

Hiyo unaikumbuka. Ila sidhani kama unajua ilivyoonekana kwangu.

"Jamani, bibi harusi wa Njombe kaja na shela!" Huyo Kalisti. Vijana wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akakuuliza kama umekuja na mashavu ya akiba, mbu wakiyamaliza hayo. Wewe ukacheka pia, lakini kamba ilibaki mkononi, ukanigeukia mimi. Ulikuwa unasubiri mama yako aseme neno moja, "funga."

Nilisema, "Fotu, usitutie aibu."

Nikakichukua mkononi mwako. Kesho yake nikafunikia vifaranga, kwa sababu kulikuwa na mwewe. Nilipokuja kukiona tena, wewe ukiwa hospitali, kilikuwa kimelowa mavi ya kuku na manyoya, kinanuka. Nilikiangalia kile chandarua nikaona mwewe nilimzuia, vifaranga wote wazima, wanakua. Tangu siku ile sijala kuku kwa raha. Wa leo nilimla kwa ajili ya wageni, na umeshajua alikoishia.

Homa ilipoanza, Kalisti alisema, "Ni ya kurudi nyumbani hiyo, damu inakumbushwa." Nikakubali. Nikakupikia uji, nikakaa nawe na rozari. Kusali hakukuwa kosa, sitaki utoke hapa unafikiri nasema hivyo, bado nasali na wewe uendelee. Kosa ni kwamba nilikuwa nasali ili nisihitaji kuonekana nimekosea. Mtu anaweza kupiga magoti kwa kiburi. Mimi nimepiga.

Ukaanza kuongea ovyo. Ukaniita mwalimu. Mkojo wako ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, na nilipouona niliacha kila kitu, nikamwambia kijana wa bodaboda awashe. Nilikukumbatia kwa nyuma njia nzima, tumekufunga na kanga yangu usidondoke, kichwa chako kinagonga bega langu kwenye kila shimo. Kituo cha afya wakakuchoma sindano ya kwanza, wakatafuta gari, wakasema twende Mpanda haraka. Kalisti akaja nyuma yetu.

Daktari wa pale wodini alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauliza, "Analala kwenye chandarua?"

Kabla sijafungua mdomo, Kalisti akajibu, "Huyu ni mwenyeji, daktari. Hana shida na mbu."

Daktari hata hakuinua uso. "Mwenyeji wa wapi?"

"Wa hapa hapa! Bondeni. Babu yake kazaliwa pale."

"Sijauliza babu. Yeye ameishi wapi?"

Mimi nikasema, "Njombe, daktari. Tangu yuko mdogo."

Ndipo akaniangalia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema tu, "Basi huyu ni mgeni, mama," akaendelea kutafuta mshipa kwenye mkono wako.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho sijamwambia mtu, hata padri bado.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja wa Litapunga, wale ndugu zetu ambao wazazi wao walitoka Burundi. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, kitamu kusikiliza. Alikuwa na mtoto mdogo bado ananyonya, ana malaria, ameishiwa damu, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Tukawa tunasaidiana yule mama na mimi. Nikienda kuchota maji anakuangalia wewe, akienda yeye namshika mtoto. Mtoto akafa mikononi mwake. Hakulia kwanza. Alimgeukia muuguzi akasema, kama vile kuna mtu amekosea kusoma jina, "Lakini wangu hajawahi kutoka hapa. Kazaliwa hapa. Huyu ni mwenyeji."

Kalisti akainamia sikio langu, akaninong'oneza: "Watu wa kuja hao, shemeji. Damu yao bado changa."

Wa kuja! Mama yule alizaliwa Litapunga. Na mtoto wake yuko pale, joto halijamtoka.

Hapo ndipo kinyaa kilipoanzia, Fotu. Kilianza kwa Kalisti, lakini hakikukaa kwake muda mrefu. Kikaja kwangu, maana nilikuwa nimenyamaza. Nilinyamaza kwa sababu yale maneno aliyoninong'oneza yalikuwa ni sala yangu mwenyewe. Yeye aliyatamka bila amina tu.

Dada yako Emerensiana unamjua kwa msalaba wake tu. Yeye alikuwa mwenyeji wa kutosha, mababu wote wa pande zote mbili wamelala bondeni. Mvua za mwaka aliokufa tuliumwa pamoja, yeye na mimi, kitanda kimoja, shuka moja. Mimi niliamka. Miaka yote nimekuwa nikisema Mungu alimpenda zaidi, na labda ni kweli, siwezi kumwingilia Mungu. Lakini yule binti wa utafiti alisema damu inajifunza kwa kuumwa. Basi katika hizo kingamwili nilizokuwa nazishukuru mbele ya darasa zima, nyingine nilizipata kwenye kitanda kile, homa ile ile. Mimi nilijifunza, mwanangu hakupata muda wa kujifunza. Na mimi nikasimama nikaita hiyo baraka, nikaringishia watu.

Kile tulichopimwa ni makovu. Wamekuja watu na vyombo vyao kuhesabu makovu yetu, nasi tukapiga makofi kwamba ni mengi.

Nakuambia haya si ili uwachukie watu wa kwenu. Ni watu wema. Wakati unaumwa walinilimia, walinichangia, jumuiya nzima ilikuja na uji. Kalisti mwenyewe alilala sakafuni wodini akikupepea kwa kofia yake. Hicho ndicho kinachonichanganya. Mkono ule ule unaokupepea, na mdomo ule unaosema damu chuma. Ukiwa mtu mzima utakutana na hili, watu wanaokupenda kweli kabisa na bado wakawa tayari kufa kwa jambo la kipumbavu, au ufe wewe. Nisamehe, sijui kuliandika vizuri zaidi.

Najua nini, basi? Najua kwamba aibu ya kambini ingedumu jioni moja tu kama ningekuacha ufunge kamba yako. Wangecheka, wangechoka, wangelala. Mimi nilinunua kicheko chao kwa mwili wako. Na najua kwamba mtu akikusifia kwa kitu ambacho hukukifanya, kama ukoo, au damu, au mahali ulipozaliwa, inabidi uangalie nani analipia. Mimi sikuangalia.

Ulipopona, daktari yule alikuja kukuruhusu. Kalisti akamshika mkono, "Tuliwaambia, damu ya kwetu!" Daktari akasema, "Mzee, kilichomtoa hapa ni dawa. Na imebaki kidogo sana." Kalisti akacheka akampigapiga begani. Leo mchana umesikia mwenyewe kilichobaki katika maneno ya daktari. Kupona kwako kumeshakuwa ushahidi. Mwakani kuna kijana mwingine atatoka shule mbali, atanyang'anywa chandarua, na watamwambia, "Mbona Fotu alipona?"

Ngoja, nimesikia mlango wa uani.

*

Nimerudi. Alikuwa yeye, Kalisti, amesahau baiskeli yake. Sikupanga kumwambia leo, Fotu. Nilitaka nimwambie Jumapili mbele ya jumuiya, pale pale ambapo mdomo wangu ulisali ile sala. Na Jumapili nitasema, hilo lipo pale pale. Lakini alipofika mlangoni akachungulia, akasema, "Unamwandikia bwana mdogo orodha ya maombi? Mkumbushe Pasaka!"

Kile kinyaa kikanirudia.

"Shemeji, Pasaka Fotu haji."

"Haji wapi?"

"Bondeni. Msimu wa mvua hashuki tena bondeni."

Akadhani natania. "Sasa ndege nani ataamia? Mimi na magoti haya?"

"Sijui."

"Shemeji, unajua utaratibu. Asiyeamia, kipande chake anapewa anayeamia. Sikuuweka mimi, ameuweka marehemu baba. Mimi mwenyewe niliamia na homa."

"Najua. Umpe."

Akaegemeza baiskeli ukutani. Alikuwa hacheki tena. "Shamba la kaka yangu? Nimpe nani? Umechanganyikiwa? Damu ya kaka yangu leo inaogopa mbu?"

Nikamwambia, "Damu ya kaka yako imekaa Njombe. Huyo mbu wako haimjui. Nimeshazika mmoja kwa ajili ya damu hii, shemeji, wa pili sikupi."

Nilidhani atanitukana, kisha nikaona kidevu chake kinatetemeka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpakata Emerensiana. Alichukua baiskeli akaisukuma mpaka barabarani bila kuipanda, wala hakuniaga.

Basi ndivyo ilivyo. Huna shamba tena bondeni. Kile kipande cha baba yako, karibu na mfereji, ambacho aliking'oa visiki kwa mikono yake na alikuwa anakuonyesha mipaka ukiwa bado unatambaa, nimekitoa mimi mama yako, kwa maneno machache, mlangoni, bila kukuuliza. Huenda Kalisti atalala akaamka amelainika. Huenda pia hatalainika, na watoto wake wakalima pale miaka yote, na wewe ukipita utapita kama mtu wa njia. Lakini tumbo limetulia, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Njoo kiangazi. Ukilazimika kuja mvua, kwa msiba au kwa lolote, njoo kama mgeni, uje na dawa alizokuambia daktari na chandarua kipya, ulale hapa mjini chumbani kwangu, mimi nilale sebuleni. Atakayekuita bibi harusi atanikuta mimi. Nitakupokea kama mtoto wa watu, kwa uangalifu ule ambao sikukupa nilipokuwa nakuita wangu.

Najua utalisoma hili ndani ya basi, na huenda utanikasirikia kwa ajili ya shamba. Una haki. Nikasirikie mwaka huu, nikasirikie na miaka mingine kumi. Wewe ukae mzima tu, unikasirikie.

Mungu akutangulie. Namwomba kwa sauti ndogo siku hizi.

Mama yako